Kiti cha Bibi Harusi

Pikipiki ya bwana harusi, nyekundu, ya Kiitaliano, ilisimama kwa fundi wa viti imeinama mbele kama paka anayenyemelea. Kiti chake cha nyuma kilikuwa chembamba, kimenyanyuka juu.

"Kipanue, fundi," alisema Shangazi Mwanaisha. "Kesho bibi harusi atakaa upande, miguu pamoja. Kwetu hatupandi kama wanaume."

Fundi alishika kisu, akasita. "Hii imechongwa ipasue upepo, mama. Akikaa upande, kona ya kwanza tu ameshuka."

"Basi iende polepole!"

"Hii? Polepole haiijui."

Saumu, bibi harusi mwenyewe, alisogea karibu na pikipiki. Kiganja chake kiliteleza juu ya tangi, kikafika pale lilipobonyea kupokea magoti, utadhani lilikuwa likimngoja yeye. Akapandisha dera, akavusha mguu, akakaa.

"Saumu! Hapo ni pa dereva!"

"Najua, shangazi."

Akawasha. Vikombe vya chai vikaanza kucheza kibarazani. Shangazi alisogea hadi kwenye gurudumu la nyuma. Kisha akainama, akakusanya pindo la dera lisije likanaswa na mnyororo, akalipiga fundo taratibu.