Somo la Vitu vya Kale

Kitu cha kwanza kilicholetwa darasani kilikuwa pasi ya makaa isiyo na mpini, na aliyekileta aliapa kwamba ni ya enzi za Wabelgiji. Jumamosi iliyofuata ikaja saa ya ukutani, kisha cherehani. Ajabu kidogo: Bunia ilikuwa imeporwa hata vitasa, na bado urithi wa mababu ulizidi kumiminika. Lakini vita vilikuwa vimekwisha. Redio ilisema hivyo, na nani abishane na redio?

Hili lilikuwa darasa la Kiingereza la Prof Josaphat, katika ukumbi wa parokia. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru: magari meupe yenye antena yalijaa mjini, na kila moja lilitafuta mkalimani. Kitabu cha Prof kilikuwa kimeungua, ikabaki sura moja tu, inayohusu vitu vya kale. Basi sura hiyo ikawa shule nzima. Kila mwanafunzi alete kitu cha zamani kutoka nyumbani, asimulie kwa Kiingereza kilitoka wapi na kilifikaje kwao.

Bingwa wa darasa alikuwa Emery, na hakuona haya kulisema mwenyewe. Alikuwa na sababu. Mke wake, Clarisse, alikuwa amerudi kwa mama yake, akaapa kwamba hataki tena mwanamume anayeshinda kwenye kiti. Prof naye alikuwa ameahidi kwamba atakayesimulia vizuri kuliko wote, atampeleka yeye mwenyewe kwa wazungu apate kazi. Zamu ya Emery ilikuwa leo, naye alikuwa wa mwisho.

Asubuhi alishusha chombo cha maziwa kutoka juu ya kabati la baba yake, mzee Honoré. Kilikuwa cha mti mweusi, chenye kifuniko cha kusukwa na ufa ulioshonwa kwa waya. Ndani mlijaa misumari, akaimwaga.

“Iko ya nani, papa?”

“Ya koko yako. Unasema tu hivyo, ya koko yako.”

Bibi huyo Emery hakuwahi kumwona, lakini marehemu ni watu wema, hawakanushi kitu. Akatoka, akavuta mlango. Ulikuwa mlango wa kijani, mfupi kuliko fremu yake, kuku wakipita chini bila kuinama. Pembeni ulikuwa na mikato mitatu ya kisu, mmoja juu ya mwingine, ambayo Emery, mtoto wa pekee, hakuwahi kuuliza ni ya nini.

Darasani, mstari wa nyuma walikaa akina mama wanne ambao tangu mwanzo hawakuwahi kutoa hata salamu ya Kiingereza. Walikuwa wakimenya karanga. Kila kitu kilicholetwa waliomba kukishika, wakatikisa vichwa, na Prof akasema kwa Kiingereza, “Haya, turudie wakati uliopita.” Cherehani tu ndiyo iliyobakizwa “kwa maonyesho”, na mwanafunzi aliyeileta hakuonekana tena. Labda Kiingereza kilimshinda.

“Mama Domitille,” Emery akamtania mmoja wao akipita, “Kingereza iko ndani ya karanga?”

“Inaweza kuwa ndani ya kitu yoyote, mutoto yangu.”

Emery akasimama mbele, akasimulia, na kwa kweli alisimulia vizuri. Bibi alikichonga chombo hiki kwa mikono yake. Bibi alikimbia nacho porini. Na kila jioni, Emery akaongeza kwa utamu, bibi alitia humo maharagwe ya wajukuu.

Nyuma, karanga zikanyamaza.

“Maharagi?” Prof akauliza kwa Kiswahili, lugha aliyoipiga marufuku mwenyewe.

“Maharagi, Prof. Kila mangaribi.”

Mama Domitille akaja mbele, akafungua kifuniko, akaingiza pua ndani. Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

“Kwetu, chombo ya maziwa haiingiake maharagi, ata njala ituuwe,” akasema. “Hii mama yangu alinipatiaka siku ya ndoa. Ile waya nilishona miye, ya breki ya velo ya marehemu bwana yangu. Chini iko na alama ya moto, sawa nusu ya mwezi.”

Prof akakigeuza. Alama ilikuwepo.

“Emery,” akasema taratibu, “mukalimani anasema kile kiko, haiko kile anapenda. Chombo iko ya nani?”

Emery alimwona Clarisse akizeeka kwa mama yake. Alimwona baba yake na misumari yake. Aibu ikampanda mpaka masikioni.

“Iko ya mama Domitille.”

Mama akakikumbatia chombo, akalia kwa sauti mbele ya watu wote, akimwita mama yake. Emery alitamani ardhi ipasuke. Lakini Prof alikuwa anatabasamu, na hilo hakuna aliyewahi kuliona.

“Huyu njo mukalimani! Umeipata, Emery. Siku ya lundi nitapitia kwenu, nikupeleke miye mwenyewe.” Akachukua kitambaa, akaanza kufuta ubao. “Mutu akitafuta kwenu, anaulizaka namna gani?”

Emery hakuwahi kufurahi hivyo maishani. Kabla hajafungua kinywa, jirani yake Orly akamjibia:

“Kwa mulango ya kijani, Prof! Bunia yote inajua.”

Mkono wa Prof ukasimama ubaoni. Akageuka, akautazama mstari wa nyuma, na akina mama wakaacha kumtazama.

“Pembeni iko na alama tatu za kisu,” akasema. “Ile ya chini ni ya mutoto yangu Faida. Alikuwa anaanza tu kusimama.”