Nane kwa Sita

Bwanausi aling'oa vijiti vinne vya kaburi la mkewe, akavipigilia upya. Safari hii vilikaa upande.

"Shemeji," alisema Kombo, jembe mkononi, "makaburi yote hapa yanafuata ukuta wa msikiti. Hili mbona unalipinda?"

"Chimba ninavyokuambia."

Kombo alikuwa kaka wa marehemu, tena si mtu wa kunyamazishwa hivihivi. Lakini huo msikiti nani aliujenga kama si Bwanausi huyuhuyu? Fundi akikuambia kibla ni huku, wewe mlima mihogo utabisha nini? Wakachimba. Mize akalazwa ubavu wa kulia, uso ukaelekezwa alikotaka mumewe, udongo ukarudishwa.

Watu walisema msiba umemchanganya. Laiti wangejua! Roho ilikuwa ikimsuta mwaka wa saba sasa, tangu kabla Wajerumani hawajatia mguu Bagamoyo.

Mwaka ule Mwalimu Msabaha, imamu wa kijiji, ndiye aliyempa kipimo cha msikiti. Alikuwa amejifunika shuka, meno yanagongana kwa homa. "Anzia pembe ya nyumba yangu," alisema. "Fuata ukuta mikono minane, kisha kata kulia mikono sita. Vuta kamba kutoka pale pembeni mpaka ulipoishia. Itatoka mikono kumi, na inakoelekea ndiko kibla."

Tatizo, mbele pale palikuwa na kisiki cha mkwaju kilichokwisha kuvunja mashoka mawili.

"Basi fupisha," Mwalimu akasema. "Urefu si kitu. Hata kamba ya mkono mmoja itakuonyesha, mradi isigeuke." Akaingia ndani kulala.

Bwanausi akafupisha. Kwenye nane alitoa nne, zikabaki nne. Kwenye sita alitoa nne, zikabaki mbili. Si ametoa sawasawa kote? Basi! Ukuta akaujenga juu ya nne kwa mbili, akapaka chokaa, na watu wakala pilau la ufunguzi mpaka wakasahau kwao.

Miezi mitatu baadaye, akiwa juu ya paa la mtu anakata kombamoyo, ile miti ya kuezekea, ndipo akili ikamjia. Kamba ukitaka kuifupisha bila kuipinda, hutoi, unagawa! Nusu ya nane ni nne, nusu ya sita ni tatu. Tatu, si mbili. Akashuka ngazi. Akagawa kwa kumi, urefu wote wa ile kamba, akapata kamba ya mkono mmoja tu: sehemu nane za mbele, sita za kulia, kila sehemu moja ya kumi ya mkono. Akaenda nayo kimyakimya msikitini, akainyoosha chini ya ukuta.

Lo! Ukuta ulikwenda zake, kamba nayo ikaenda zake.

Angesema siku hiyohiyo, yangekwisha. Lakini jina la mtu, jamani! Fundi aliyesifiwa mpaka Lugoba akasimame Ijumaa aseme amewapotosha? Alinyamaza leo, akanyamaza kesho, na kila siku iliyopita ilizidi kumfunga mdomo. Kila adhana ilimchoma. Wazee wanasujudu, watoto wanasujudu, na wote wamepotoshwa na yeye.

Akaacha kwenda msikitini. Nyumbani alitandika mikeka miwili kwa kufuata ile kamba fupi, wake mbele na wa mkewe nyuma.

"Wewe," Mize alimwambia siku moja, "msikiti umejenga mwenyewe, sasa unaukimbia?"

"Goti linaniuma."

"Mh! Goti la kwenda shamba mbona haliumi?"

Mize alicheka. Bwanausi akatoka nje. Hakumwambia siku ile, wala siku Mize aliposhikwa na tumbo lililomuua. Hilo nalo lilimkaa moyoni. Ndiyo maana kaburini alifuata ileile kamba fupi. Kijiji kizima alishakikosea. Angalau huyu mmoja amlaze sawa.

Mwalimu Msabaha hakuwahi maziko, alikuwa Bagamoyo. Alirejea siku ya hitima, na watu walipotawanyika Bwanausi akapiga moyo konde. Leo atasema. Wakitaka kuubomoa ukuta wabomoe, wakitaka kumtemea mate wamtemee.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Pole sana, Mungu akupe subira."

"Mwalimu, nina neno. Ule ukuta wa kibla…"

Mzee akamshika mkono haraka. "Usiseme. Aibu hii ni yangu, na nimekuachia uibebe peke yako."

Bwanausi akamkodolea macho.

"Ile siku ya homa nilikupa kipimo kibovu," Mwalimu alisema. "Haikuwa nane kwa sita. Ilikuwa nane kwa nne. Nilipopata nafuu nikakumbuka, nikaja mbio nikuzuie, nikakuta ukuta umekwisha simama. Tena umesimama palepale hasa panapotakiwa! Nimepima mara tatu, fundi, haujapinda hata upana wa uzi. Nikajua umeliona kosa langu, ukalirekebisha, ukanisitiri. Miaka saba nashindwa kukutazama usoni. Ulipoacha kuja msikitini nikasema, ana haki, amechoka kusali nyuma yangu."

Bwanausi aligeuka, akatazama upande wa makaburi.

Mwalimu akajifuta machozi kwa pembe ya kilemba, akajiinua kwa fimbo yake.

"Haya, nipeleke kwa Mize nikamwombee. Kombo ananiambia kibla chake umekipima wewe mwenyewe."