Mama Amefunga

Mgonjwa alifungua mdomo kabla ya sala kuanza.

"Bado, mama," Mwalimu alimwambia kwa upole, akimpapasa bega. "Kwanza tumwandalie Bwana moyo."

Mdomo haukufungwa. Mwalimu alitandika kitambaa cheupe juu ya stuli, akaweka msalaba na mshumaa, kisha kile chombo kidogo chenye hostia. Macho ya mgonjwa yalikifuata chombo kila kiliposogea. Tangu astaafu ualimu na kutumwa na parokia kuwapelekea wagonjwa Ekaristi, Mwalimu hakuwahi kuona macho kama hayo. Wagonjwa wengine walisinzia. Mmoja alikataa hata kupunguza sauti ya redio.

"Ndivyo alivyo tangu Kwaresima ianze," alisema mkamwana, akiwa amesimama mlangoni na aproni kiunoni. "Toka asubuhi anatazama mlango tu. Anakusubiri wewe."

Kiharusi kilikuwa kimemwachia bikizee mkono mmoja, na sauti isiyoweza kuunda neno. Mwanawe alifanya kazi mbali. Kwa hiyo yote yaliyokuwa moyoni mwa mama yalisemwa na mkamwana, na ni yeye aliyeeleza, Jumapili ya kwanza, kwamba mama ameamua kufunga.

"Lakini Kanisa halimlazimishi mgonjwa," Mwalimu alikuwa amesema. "Wala mtu wa umri wake."

"Nimemwambia mpaka nimechoka. Nikimletea uji anameza vijiko viwili, anageukia ukutani. Nifanyeje, Mwalimu? Nimpanue mdomo kwa nguvu?"

"Hapana, hapana. Usimlazimishe."

Habari zilienea. Paroko aliligusia jambo hilo kwenye mahubiri, na watu waliokuwa wakinung'unika kwa kukosa nyama siku ya Ijumaa wakainamisha vichwa. Jirani mmoja alipotaka kupeleka supu, Mwalimu mwenyewe alimrudisha kutoka kwenye ngazi.

"Mwenzio yuko jangwani na Bwana," alimwambia, "wewe unamfuata na sufuria!"

Jirani aliona haya, akarudi kwake.

Mwalimu naye alikuwa ameacha sukari, na kila asubuhi ile chai chungu ilimtia hasira na dunia nzima. Ndiyo maana alipenda kuja hapa. Katika chumba hiki alijiona mdogo, na kujiona mdogo kulimlainisha moyo kuliko sala zake zote.

"Amekonda tena," alisema sasa, akilirudisha shuka lililoteleza kwenye mfupa wa bega.

"Daktari alisema ugonjwa huu hula mwili." Mkamwana alitabasamu. "Lakini mama ni wa chuma. Yeye ndiye aliyenifundisha kufunga, unajua? Wakati huo nimeolewa juzi tu, nina mimba ya kwanza. Kabati la chakula akalitia kufuli Kwaresima nzima, ufunguo akauning'iniza shingoni. Akaniambia nikishiba nitamsahau Mungu."

"Ukiwa na mimba?"

"Haikukaa." Alifuta mikono kwenye aproni. "Yalishapita, Mwalimu. Nilimsamehe. Mtu hawezi kupokea Ekaristi na kinyongo moyoni, si ndivyo tunavyofundishwa?"

Machozi yalimlenga Mwalimu. Alimtazama mwanamke huyu ambaye kila siku alimwosha, kumgeuza na kumbadilisha nepi mtu aliyemtenda vile, akawaza kwamba nyumba hii ina watakatifu wawili.

Harufu ya nyama na vitunguu ilikuwa ikiingia kutoka jikoni. Mgonjwa aligeuza shingo kuifuata. Mate yakamtoka upande wa mdomo uliolegea, na mkamwana akayafuta kwa ncha ya aproni, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto.

Jikoni kifuniko kilianza kurukaruka na mafuta yakalia motoni. Mkamwana alisita. Hakuwahi kuwaacha wawili hao peke yao. Moshi ulipoanza kuingia, akakimbia.

Mwalimu aliinua hostia. "Mwili wa Kristo."

Mkono mzima wa mgonjwa ukamdaka kwenye kifundo cha mkono, kucha zikazama. Midomo ilihangaika, ikapotoka, ikajikusanya tena, na likatoka neno, la kwanza tangu augue.

"Njaa."

Mwalimu alisisimka mwili mzima. Miaka yote ya kuwafundisha watu kumtamani Bwana, na hakuna aliyewahi kumjibu hivyo.

"Hata mimi, mama," alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Hata mimi nina njaa yake."

Akaiweka hostia kwenye ulimi. Ilitoweka kabla hajaondoa mkono, na ulimi ukabaki unavilamba vidole vyake, kimoja baada ya kingine. Ilibidi ajibandue kwa nguvu kidogo. Mkamwana aliporudi alimkuta Mwalimu amepiga magoti, akilia kwa furaha.

"Amesema, binti yangu! Mama amesema!"

"Amesema nini?" Mkamwana alisimama pale pale.

"Kwamba ana njaa ya Bwana."

Mkamwana alishusha pumzi. "Asifiwe," akasema.

Alimsindikiza mgeni hadi getini. Mwalimu alitembea kama mtu aliyebebwa, tayari akipanga maneno ya kumsimulia Paroko, na hakugeuka nyuma.

Mkamwana aliurudishia mlango. Akapakua nyama, sahani ikajaa, akaja nayo chumbani, akavuta kiti hadi kikagusa kitanda, akaanza kula polepole.

Bikizee alinyoosha mkono.

"Jamani, mama," alisema mkamwana huku akitafuna, "Mwalimu si amekulisha sasa hivi?"