Wanaolala Hawapandi

Dereva wa lori la kwenda kambi ya wakimbizi Wakasai alisema mara moja tu. "Benye kulala habapande. Mumoja anakamata nafasi ya bantu batatu."

Basi Mado akamkalisha mumewe.

Tangu risasi ya majandarmu, askari wa Katanga, imvunje uti wa mgongo, mtu huyu hakuweza kuketi bila kufungwa kwanza kitenge miguuni na kingine tumboni, ili damu isimshuke yote ikamwacha kichwa kitupu. Leo Mado alikaza mpaka vidole vikamuuma. Majirani wawili wakampandisha, wakamwegemeza kwenye ubao wa lori, katikati ya magodoro na masufuria.

Midomo yake ikaanza kuwa ya kijivu.

"Mado, naona giza. Unilalishe."

Dawa yake Mado aliijua. Ni kumlaza chali upesi, kabla moyo haujasimama, kumwinua miguu, na kungoja. Alishafanya hivyo nyumbani mara nyingi, kabla nyumba haijachomwa.

Dereva alikuwa anazunguka lori, akiwakagua watu mmoja mmoja.

"Ule baba iko na nini?"

"Hapana kitu, papa. Iko na usingizi tu."

Kichwa kikaanguka kifuani. Mado akamshika nywele za kisogoni, akakinyanyua, akakishikilia wima, jasho baridi la shingo likimtiririkia mkononi.

Dereva akasimama palepale, akawasha sigara, akaivuta taratibu mpaka katikati.

Mumewe hakuomba tena kulazwa.