Pole na Safari

Tangazo rasmi kwa walimwengu wote: mimi, Kiangi, ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuruka kutoka Kilimanjaro hadi Oslo na kurudi kabla chai haijapoa. Nilifuata theluji ya kumtia dada yangu mgongoni.

Siku hizi abiria huingia mlango wa uwanja mmoja wa ndege na kutokea mwingine papo hapo. Saa za angani hubebwa na ndugu aliyebaki nyumbani, ndiyo maana yeye ndiye anayepewa pole na safari. Mimi nilimtaja bibi kuwa mbebaji wangu bila kumwambia, maana yeye huketi tu.

Jioni, chupa ya chai kwapani, nilimkuta kitini, macho wazi, miguu imevimba. Mama alikuwa akimkanda.

“Nani kamtwisha safari mtu mwenye moyo mgonjwa?”

“Jangwa tulilipita mchana kutwa,” bibi alinong’ona. “Kisha bahari. Sasa milima yote imevaa nyeupe. Jamani, kumbe dunia ni kubwa hivi!”

Nilisahau kucheka. Mimi niliyekwenda niliona milango miwili tu.

“Amefika kwenye theluji, basi karibu atatua,” mama alisema, akashusha pumzi. “Lete hiyo chupa ya chai, anywe.”

Kabla sijaificha, aliichukua, akaifungua na kuiinamisha. Kikombeni likadondoka bonge la theluji.

“Kiangi!”

Nilipiga magoti mbele ya bibi. “Shikamoo, bibi. Pole na safari. Ni mimi.” Kisha nikamgeukia mama. “Mama… na ya kurudi bado.”