Kobe na Somo la Kuua Nyoka

Nguchiro walikuwa na chuo chao kikuu, na humo somo la kuua nyoka lilikuwa la Kobe. Kobe alijua njia moja tu ya kufundisha: yeye anasoma, wao wanaandika. Daftari lake lilikuwa limeliwa na mchwa pembeni, lakini kwa miaka thelathini hakubadilisha hata neno.

Siku moja Sikudhani, nguchiro wa mwaka wa tatu, akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Nyoka mwenyewe tutamwona lini? Hata aliyekufa, tumshike tu."

"Nyoka yumo ukurasa wa arobaini," akajibu Kobe. "Kaa chini, unawapotezea wenzako muda."

Sikudhani akakaa, akaandika, akakariri. Kwenye mtihani alipata mia kwa mia, na Kobe akatamba chuo kizima kwamba njia yake haina mfano.

Wiki ya mahafali, nyoka aina ya swila aliingia darasani kwa mlango wa mbele. Kobe akarudisha kichwa gambani. Wanafunzi wake hawakuwa na gamba. Hilo hakuwahi kuliwaza. Humo gizani akasikia vilio, kisha sauti ya Sikudhani ikikariri: "Nyoka hukamatwa nyuma ya kichwa. Kwanza, mzunguke. Pili, mchoshe. Tatu..."

Sauti ikakatika.

Kobe akangoja mpaka darasa zima likanyamaza.

"Tatu, mrukie," akamalizia kutoka ndani ya gamba, na safari hii hakuna aliyeandika.