Kupigana na Waasi

"Nilipigana na waasi," muzee alisema. Ofisa mzungu aliyekuwa akimhoji akamgeukia Umwiza.

Umwiza alikuwa binti wa muzee. Mkalimani hakufika, ndipo akaombwa atafsiri. Kiingereza alijifunza Kampala, walikokimbilia lava ya volkano ilipofunika nyumba yao katika mtaa wa Majengo. Sasa waasi walikuwa wameshindwa, na baba yake alikuwa amekamatwa kwa kudhaniwa kuwa mmoja wao.

Neno "fought" lilikuwa tayari mdomoni. "Na" ni "with", kila mwanafunzi anajua. Lakini kwa "with", mzungu angeweza kuelewa kwamba muzee alikuwa upande wa waasi.

Umwiza aliangalia kovu refu lililoachwa na waasi kwenye mkono wa baba yake, chini kidogo ya pingu.

"He fought against the rebels," akasema. Dhidi yao.

"Against?" ofisa akauliza.

"Against."

Ofisa akamtazama muzee upya, kisha akamwambia askari afungue pingu, ili muzee aeleze yote akiwa ametulia.

"Umemwambia nini?" muzee akauliza.

"Ukweli wako, papa."

"Basi mwambie na hii. Huyu anayesema kizungu hivi ni mutoto wangu."

Umwiza akainua kichwa, akatafsiri.